MASWALI YA WASOMAJI: Ganda jeupe, ukoga wa damu ya mzee na nyuzi zenye mapovu, nini kimeingia kwenye tangi langu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wenu, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina tangi la samaki la maji chumvi, dogo tu la lita 60, nimelianza miezi mitano iliyopita baada ya mjomba kuniletea kutoka Dar mawe ya bahari, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono sita na mfuko wa chumvi ile maalum ya akwariamu. Mwezi wa kwanza yalitokea mavumbi ya kahawia kila mahali yakaisha yenyewe. Chumvi ya mfuko ilipoisha nikaanza kuchanganya chumvi ya Uvinza na maji ya ziwa, na kila siku najazia lita moja hivi ya maji ya ziwa manake yanapungua sana. Sasa kuna vitu sivielewi. Pampu na hita vimeota ganda jeupe gumu kama ndani ya birika la chai. Juu kwenye ukingo wa kioo na kwenye waya kuna unga mweupe mwingine. Kioo cha nyuma kina vidude vyeupe vidogo mno kama vikonokono vilivyojikunja, havitembei. Mchangani kuna utando wa rangi ya damu ya mzee na unanuka, halafu juu ya mawe kuna nyuzi za kahawia zenye mapovu, asubuhi zinakuwa zimepungua ikifika saa nane mchana zimerudi zote. Nawalisha dagaa wa kusaga mara mbili kwa siku. Jamaa mmoja sokoni kaniambia niweke mrututu kidogo tu ukoga wote utakufa. Mzee mwingine kasema nisihangaike, ziwa letu zamani lilikuwa bahari ndio maana lina konyeza, samaki watazoea. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, huo mrututu usiuweke. Kama umeshaununua mpe mtu mwenye shamba. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba inaua konokono, inaua uduvi, inaua kila kidudu kisicho na uti wa mgongo humo ndani, na mawe yako ya bahari na mchanga vinainywa halafu vinaitema kidogo kidogo kwa miezi, kwaiyo hata ukibadilisha maji yote bado ipo. Wafugaji wanaitumia kutibu samaki mwenye vijidudu vya ngozi, lakini ni kwenye chombo cha pembeni kisicho na jiwe wala konokono, tena kwa kupima. Kwenye tangi lenye mawe hapana kabisa.

Nimefurahi jinsi ulivyoandika, umeeleza rangi, harufu, mahali na hata saa. Watu wengi wananiandikia "tangi langu limechafuka nipe dawa" na hapo siwezi kumsaidia mtu, manake kwenye tangi dogo vitu viwili vinaweza kufanana kwa macho na tiba zake zikapingana kabisa, unachofanya kumaliza hiki ndicho kinamnenepesha yule. Wewe una vitu vitano tofauti na nitavichukua kimoja kimoja, vingine haraka vingine taratibu.

Unga wa ukingoni na kwenye waya ni chumvi tu. Mapovu yakipasuka yanarusha matone, maji yanakauka chumvi inabaki. Kwangua kidogo tia kwenye kijiko cha maji safi, utaona unayeyuka wote. Futa kwa kitambaa chenye maji kila unapouona. Hauna ubaya kwa samaki ila una ubaya kwako wewe, manake chumvi hiyo inatambaa na waya mpaka kwenye soketi, na chumvi yenye unyevu inapitisha umeme. Waya wa pampu uache ulegee ushuke chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni. Na kila unapotia mkono kwenye maji, chomoa kwanza. Hili naomba ulishike hata kama mengine yote utayasahau.

Ganda la kwenye pampu ni habari nyingine kabisa na ndio kiini cha matatizo yako. Bandua kipande, weka kwenye kisosi, tone la siki juu yake. Likitoa povu ni chokaa, kabonati ya kalsiamu, sawa sawa na ile ya kwenye birika. Sasa imetoka wapi? Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kunywa lakini sio maji matupu. pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, iko kwenye 9 hivi wakati bahari ni 8.1 au 8.2, na ile alkali yake, yaani kabonati na bikabonati zilizoyeyuka humo, ni karibu mara 3 ya ile ya bahari. Wewe unajazia lita moja kila siku. Maji yanayopotea hewani yanaondoka peke yake, kabonati haziondoki na mvuke, zinabaki. Ndani ya siku 60 umeingiza lita 60 za maji ya ziwa kwenye tangi la lita 60, yaani alkali ya tangi zima la ziwa imelundikana juu ya ile iliyokuwepo, na tangi lako lina miezi mitano. Kabonati zikizidi zinaishika kalsiamu ya kwenye maji na kuganda nayo, na zinaanza kuganda pale penye joto, ndio maana hita na pampu na sio kwenye mchanga.

Halafu kuna chumvi. Chumvi ya Uvinza naiheshimu sana, watu wamechemsha maji ya zile chemchemi karne nyingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, misafara ilikuwa inapita pale kuichukua. Lakini ni chumvi ya chungu. Chumvi ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu, wakati ukichukua vyote vilivyoyeyuka kwenye maji ya bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 hivi, zinazobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo. Hizo 15 ndizo umekuwa ukimnyima samaki na konokono kila ulipobadilisha maji. Lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 1,300 za magnesiamu na 400 na kitu za kalsiamu. Na magnesiamu ndio inayoizuia chokaa isigande ovyo, kwaiyo magnesiamu iliposhuka na alkali ikapanda, ganda likapata njia kote. Hilo ganda unaloliona kwenye pampu ni kalsiamu iliyotakiwa iwe kwenye gamba la konokono wako. Na usifikiri chumvi ya pwani ingekuokoa, ile ya kukausha juani nayo sio bahari kamili, maji yanapokauka kalsiamu inatangulia kuganda chini na ule uchungu wa magnesiamu unamwagwa mwishoni ili chumvi iwe nzuri kwa mboga.

Kuhusu mzee wako, mwambie namsalimu sana na hakulitunga yeye hilo. Mwaka 1883 Mjerumani Böhm aliona konyeza kwenye Tanganyika, na wataalamu Ulaya wakashikwa na wazo kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari, hata konokono wake wana magamba mazito yenye nakshi kama wa pwani. Mwingereza Moore alikuja miaka ya 1890 kulifuatilia jambo hilo hilo. Utafiti uliofuata ukaonyesha sivyo, ni ziwa la maji baridi lililojaza bonde la ufa, na viumbe wake wamefanana na wa bahari kwa kuishi humo muda mrefu mno. Gramu za chumvi zilizomo kwenye lita ya Tanganyika hazifiki hata moja, bahari ina 35. Samaki wako hawatazoea, mwili wao umejengwa kwa ile 35.

Vile vidude vilivyojikunja, hapa nilitabasamu. Ni minyoo midogo ya baharini inayojijengea nyumba ya chokaa iliyojiviringa, milimita moja mbili tu, wamekuja na mawe ya mjomba. Wanakula chembe zinazopita kwenye maji. Chukua lenzi na tochi, kaa kimya dakika tano bila kutikisa meza, utaona kishada kidogo kinachomoza mlangoni na ukisogeza kidole kinarudi ndani. Waache. Ukitaka kioo kionekane wakwangue kwa kadi ngumu ya plastiki, lakini waache wa kwenye mawe na wa nyuma ya pampu. Ukiona vidoa vya waridi au zambarau vigumu kama rangi iliyomwagika juu ya jiwe, huo nao ni mwani wa chokaa, mwani mzuri, usiusugue.

Tuje kwenye ule utando wa damu ya mzee. Unabanduka kama karatasi ukiugusa, unanuka, umelala pale ambapo maji yametulia. Huo sio mwani, ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Ni viumbe wa kale mno, ukoo wao ndio ulioanza kuijaza dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na ndugu zao wa kijani ndio wanaoliwa na heroe kwenye maziwa ya magadi kama Natron. Kwako wamekuja kwa sababu ya dagaa. Najua dagaa wa Kibirizi ni watamu na ni wa karibu, lakini dagaa mkavu anasagwa na mifupa yake, na mfupa ni fosfeti. Ule unga hauliwi wote, nusu unazama mchangani unaoza hapo hapo, mara mbili kila siku kwenye ndoo tatu za maji! Lisha mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na badala ya unga chukua kipande kidogo cha nyama ya samaki mbichi bila mfupa, kioshe, kikate vipande vidogo sana. Utando unyonye kwa mpira mwembamba, ushike mdomo wa mpira karibu na mchanga utauona unaingia kama nyama ya utumbo, vuta wote unaoufikia ndio uongeze maji mapya. Usiuchokonoe kwanza ukatawanyika. Elekeza pampu ipulize pale ulipokuwa umelala. Wapo watakaokushauri vidonge vya erithromaisini, ni kweli vinaua bakteria hawa, lakini vinaweza kuua na wale wanaokusafishia mkojo wa samaki, na dawa ya binadamu kuimwaga kwenye maji halafu maji hayo unayamwaga uani, mimi siungi mkono.

Nyuzi za kahawia zenye mapovu ndizo zinazonifanya nikuombe subira, manake hapa ndipo watu wanapoharibu. Mavumbi ya mwezi wa kwanza yalikuwa diatomu, mwani mdogo wenye gamba la kioo, kila tangi jipya linapitia hapo na yanaisha silika ikiisha. Hizi nyuzi zinaweza kuwa diatomu waliorudi, zinaweza kuwa wale wale bakteria wa rangi nyingine, au zinaweza kuwa dinoflajelati, viumbe wadogo mno wa chembe moja. Hao wa mwisho wanaongezeka pale naitreti na fosfeti, yaani mbolea ya ukoga, zinapoisha kabisa kwenye maji, kwaiyo anayekimbilia kubadilisha maji kila siku na kuwanyima samaki chakula anawajengea nyumba. Kwa mlo wako wa dagaa mimi naegemea kwamba sio wao, lakini sitaki ubahatishe, pima.

Nyonya nyuzi kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kwenye chupa safi pamoja na maji ya tangi, funga, tikisa kwa nguvu mpaka zivunjike zote. Halafu chuja kwa tishu au kitambaa cheupe kizito, yale maji yaliyochujika yaweke kwenye glasi juani dirishani, sio jua kali la kuchemsha. Dinoflajelati wana mikia ya kuogelea, wadogo wanapenya kwenye kitambaa na ndani ya saa moja hivi wanatafutana na kujishika tena kuwa nyuzi. Maji yakibaki meupe, sio wao. Ukipata hadubini ndio vizuri zaidi, kama unamfahamu mwalimu wa baiolojia sekondari ya jirani au mtu pale TAFIRI Kigoma, taasisi ya utafiti wa uvuvi, mpelekee chupa siku hiyo hiyo. Mwambie aangalie, vinavyoteleza vigumu kama vimtumbwi ni diatomu, nyuzi ndefu zilizogawanyika pingili pingili ni bakteria, na vitu vya mviringo au umbo la tone vinavyozunguka zunguka kama vimefungwa kamba ni dinoflajelati. Na kingine, umesema uliletewa konokono sita, hujasema wamebaki wangapi. Nenda kawahesabu leo. Wapo dinoflajelati wenye sumu na konokono anayewala anaanza kulegea na kuanguka kabla samaki hajaonyesha chochote.

Wakiwa ni wao, acha kubadilisha maji kwa sasa, usipunguze chakula kupita kiasi, zima taa na funika tangi na blanketi siku tatu huku pampu inafanya kazi, nyonya unachoweza kila jioni. Wasipokuwa wao basi ile dawa ya utando, yaani chakula kidogo na mwendo wa maji, itazimaliza nazo. Kwa vyovyote lisogeze hilo tangi kutoka dirishani kama dirisha linatazama ziwani, jua la alasiri Kigoma linaingia la moja kwa moja mpaka magharibi, na hiyo saa nane yako naona ndio linapoanza. Taa masaa 8 inatosha.

Sasa maji ya kujazia. Mvua. Mungu ametupa mvua ya miezi mingi na wewe unahangaika na ndoo ziwani. Acha mvua za kwanza zioshe bati, baada ya hapo kinga. Kwa lita moja kwa siku, kiangazi cha miezi mitano ni lita 150, pipa moja la lita 200 lenye mfuniko, lisilowahi kubeba mafuta wala dawa, linakuvusha kwa hiyo ya kujazia. Weka na kipande cha kioo juu ya tangi uone jinsi maji yanavyoacha kupungua kwa kasi hiyo.

Na chumvi, hapa hakuna njia ya mkato, mwombe mjomba mfuko mwingine. Hesabu sio kubwa kama unavyoogopa. Ukibadilisha lita 6 kila wiki unahitaji gramu 220 hivi, mwaka mzima ni kilo 11 na ushee, mzigo ambao mtu wa treni anaubeba bila kulalamika. Changanya na maji ya mvua kwenye ndoo siku moja kabla, pampu ndogo au hata kijiti cha kukoroga mara kwa mara, pima na haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya chumvi, isome 1.025. Usibadilishe tangi zima kwa mara moja kwa hasira, samaki wako wameshazoea hali mbaya na mshtuko wa kurudi kwenye hali nzuri ghafla unaweza kuwaua. Lita 6, wiki, lita 6, wiki. Miezi miwili mitatu tangi litakuwa limegeuka.

Pampu na hita zichomoe, hita iache ipoe nusu saa kabla ya kuitoa, loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu mpaka povu liishe, sugua na mswaki wa zamani, suuza sana. Ganda la kwenye pampu likiachwa linakaba ile sumaku inayozunguka ndani, siku moja inasimama usiku mmelala, na kwenye lita 60 oksijeni haisubiri asubuhi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nafuga samaki wa ziwani wale wa kwenye mawe, natumia maji ya ziwa hayo hayo. Mawe yameota kitu cha kijani kifupi kama zulia hakitoki hata kwa brashi, na kioo kina mstari mweupe juu. Ni ugonjwa? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera, sio ugonjwa hata kidogo. Hilo zulia ni mwani na vijidudu vinavyoishi ndani yake na ndicho chakula chenyewe cha samaki wengi wa miamba ya Tanganyika, akina Tropheus wana meno na mdomo wa kulikwangua kutwa nzima. Ukienda kuoga sehemu yenye mawe angalia chini utaliona hilo hilo. Safisha kioo cha mbele tu uwaone, mengine waachie wenyewe. Mstari mweupe ni chokaa ya maji yetu, siki inautoa, punguza maji kwanza ili siki isiingie ndani. Kosa alilokuwa anafanya mwenzako wa Mwanga kwako sio kosa, maji ya ziwa kwa samaki wa ziwa ni sahihi, ila usiwe unajazia tu bila kutoa, kila wiki toa robo ndio uongeze.

SWALI: Shikamoo. Nina tangi dogo la maji chumvi, usiku nikiwasha taa naona vitone vyeupe vinaruka ruka kwenye kioo, mamia. Mke wangu anataka nimwage kila kitu. – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwambie shemeji asimwage. Vinavyoruka kwa kushtuka shtuka, vidogo kama chembe ya unga wa sembe, ni kopepodi, jamaa za uduvi, wanakula mabaki na samaki wanawala wao. Vikiwa vingi sana maana yake chakula kinazidi, punguza mlo. Ila usiku wa leo angalia vizuri na tochi, kama kuna kinachoteleza bila kuruka, bapa, kama tone la mate linalotembea, huyo ni mnyoo bapa. Huyo mnyonye na mpira kila usiku taa inapowashwa, kabla hajajificha.